Mteja mliyesema amebadilika ndiye mfanyakazi mnayetaka arudi alivyokuwa

Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa kampuni, wakuu wa idara za rasilimali watu na watunga sera za kazi

YAH: KUSOMA VIBAYA TABIA ZA WATU BAADA YA JANGA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza dharura ya afya ya kimataifa kwa sababu ya virusi vipya vya korona. Tarehe 5 Mei 2023 likatangaza kwamba dharura hiyo imekwisha. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka mitatu na ushei ambayo wengi wenu mngependa ifungiwe kabatini, maisha yaendelee palepale yalipoishia. Hayakuendelea palepale, na mnajua, maana vikao vyenu tangu hapo vina ajenda mbili zisizokwisha: mteja haeleweki, na mfanyakazi hashikiki.

Mimi ni karani wa huduma kwa wateja. Napokea simu na ujumbe wa watu waliokwama: mzigo haujafika, malipo yamekatwa mara mbili, akaunti imefungwa bila maelezo. Masikio yangu yako kwa mteja, kiti changu kiko kwa mwajiri. Kwa hiyo nasikia pande zote mbili siku nzima, na ninachosikia kwenye simu hakina tofauti kubwa na ninachosikia kwenye korido. Ninyi mambo hayo yanawafikia katika taarifa mbili, moja ya idara ya masoko na nyingine ya rasilimali watu, zimeandikwa na watu wasiokaa meza moja. Nadhani hapo ndipo mnapopotea.

Kumbukeni mlivyosema. Mwaka 2020 na 2021 watu walipoanza kununua kila kitu kwa simu zao, mlisema mteja amebadilika moja kwa moja, harudi tena dukani. Mkaajiri, mkajenga maghala, mkafunga kaunta. Watu walewale, katika miezi ileile, walipoanza kufanyia kazi nyumbani, mlisema hiki ni kipindi tu, kitapita. Tabia iliyowaletea fedha mkaiita mapinduzi. Iliyowapunguzia mamlaka mkaiita uzembe unaosubiri kurekebishwa. Hamkuwa na kipimo kimoja kwa mtu mmoja. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tuanze na mteja, kwa kuwa huko makosa yalikuja na bili na hayakuweza kufichwa. Kwa takwimu za UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, sehemu ya biashara ya mtandaoni katika mauzo yote ya rejareja ya nchi saba zilizochunguzwa ilipanda mwaka 2020 kutoka takriban asilimia 16 hadi 19. Ni ongezeko kubwa kwa mwaka mmoja. Lakini wapo waliolichora kama mstari unaopanda bila kikomo. Julai 2022 mkuu wa Shopify, kampuni inayowapa wafanyabiashara mitambo ya maduka ya mtandaoni, Tobi Lütke, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba kampuni ilicheza kamari, ikiamini biashara ya mtandaoni imeruka mbele miaka mitano au hata kumi, na kamari hiyo haikulipa. Karibu asilimia 10 ya wafanyakazi wakaondoka. Novemba mwaka huohuo Mark Zuckerberg wa Meta, kampuni yenye Facebook, alitoa maelezo ya aina hiyohiyo alipowapunguza watu zaidi ya 11,000: alidhani ongezeko la wakati wa janga litadumu, halikudumu. Nawapa heshima yao, angalau walisema hadharani. Ila angalieni nani alilipa. Aliyesoma vibaya mchoro alibaki ofisini. Aliyeajiriwa kwa sababu ya mchoro huo ndiye aliyetoka.

Mchoro ulisomwaje vibaya? Mwanasaikolojia Kurt Lewin, katika miaka ya 1930, aliandika kanuni fupi kwamba tabia hutokana na mtu pamoja na mazingira yake, vyote viwili. Mkiwafungia watu ndani halafu mkahesabu wanavyonunua, mnachokipima zaidi ni ule mlango uliofungwa. Mlango ukifunguliwa, sehemu ya tabia inaondoka nao, na nyingine inabaki. Kazi yenu ilikuwa kujua ipi ni ipi. Badala yake mlichagua ile iliyowapendeza.

Chukueni ile vurugu ya karatasi za chooni ya Machi 2020. Magazeti yalicheka, viongozi wakakemea ulafi. Kumbe sehemu ya tatizo ilikuwa ya kawaida kabisa. Watu waliokuwa wakitumia vyoo vya ofisini na shuleni walihamia vya nyumbani kwa mpigo, na karatasi za maofisini, zile roli kubwa nyembamba, zilitengenezwa na kufungwa kwa namna nyingine, zikapita njia nyingine ya usambazaji. Hazingeweza kuhamishiwa rafu za maduka kwa wiki moja. Mtu aliyeona rafu tupu hakuwa na haja ya kuwa mlafi ili achukue pakiti mbili. Ilitosha ajue kwamba wa nyuma yake naye ameiona rafu hiyohiyo. Lakini ni rahisi kusema watu wameingiwa na wazimu. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliipa jina la kitaalamu tabia hii ya kumhukumu mtu kwa hulka yake na kusahau hali aliyomo, akaiita kosa la msingi. Nimeikuta katika kila waraka wa rasilimali watu niliousoma tangu mwaka 2021.

Sasa, ni tabia ipi hubaki? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu waliojaribu kujizoesha jambo dogo jipya kila siku, utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo likawa la kufanyika bila kufikiri. Wepesi walichukua siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Kufungiwa, kufunguliwa na kufungiwa tena kuliwapa watu wengi muda wa kutosha hata kwa wale wazito. Lakini muda peke yake hautoshi, na hapa kuna mfano ninaoupenda. Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za London waligoma kwa siku mbili. Baadhi ya vituo vikafungwa, abiria wakalazimika kutafuta njia nyingine. Wachumi Larcom, Rauch na Willems walipochambua data za kadi za nauli waligundua kwamba mgomo ulipokwisha, kama asilimia 5 ya abiria hawakurudi kwenye njia yao ya zamani. Siku mbili tu! Walikuwa wakipita njia isiyo bora kwa miaka na hawakujua, mpaka walipozuiwa kuipita.

Wale asilimia 95 nao tusiwasahau. Walirudi kwa sababu njia ya zamani ilikuwa nzuri kwao, au kwa sababu ile mpya haikuwa na cha ziada. Tabia mpya hubaki pale inapomfaa mtu kwa kipimo chake yeye, wala haijali kipimo cha mkurugenzi wala cha mwenye jengo. Aliyenunua viatu mtandaoni vikambana alirudi dukani mara tu duka lilipofunguliwa. Aliyelipia umeme kwa simu akakwepa foleni hajarudi kwenye foleni mpaka leo. Ni mteja mmoja, na hana kigeugeu.

Mpelekeni mtu huyu kazini muone. Utafiti wa mchumi Cevat Giray Aksoy na wenzake katika nchi 27 ulionyesha kwamba kufanyia kazi nyumbani kulimwokolea mfanyakazi wastani wa dakika 72 za kwenda na kurudi kila siku. Na kabla hamjasema dakika hizo ziliishia kitandani: wafanyakazi walieleza kwamba takriban asilimia 40 ya muda huo waliurudisha kazini, na sehemu nyingine ikaenda kwa mapumziko na kulea. Huyu ni abiria wa London aliyegundua njia bora. Alizuiwa, akatafuta, akapata. Mnapomwambia arudi njia ya zamani anauliza kwa nini, na jibu analopewa ni neno utamaduni. Utamaduni wa kampuni. Sijawahi kuona waraka ulioueleza utamaduni huo ni kitu gani na unapatikana chumba namba ngapi.

Kuna jambo mlilokosa kuliona kuhusu amri ya kurudi. Kwenu ilikuwa kurejesha hali ya kawaida. Kwa mfanyakazi ilikuwa kunyang'anywa. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Mwaka 2019 hakuna aliyelia kwa kukosa siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, kwa sababu hakuwa nazo. Mkishampa, akapanga upya malezi, akahama nyumba, akaanza kumhudumia mzazi mgonjwa mchana, kumnyima si sawa na kutompa. Mwenzao Jack Brehm naye aliandika mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru aliokuwa nao unapokonywa, huutaka zaidi hata kama hakuwa akiutumia sana. Nina wenzangu waliokuwa wakija ofisini kwa hiari karibu kila siku. Waraka ulipotoka kwamba ni lazima, walianza kuhesabu siku zao na kuondoka saa ileile mkataba unaposema. Hakuna aliyewachochea.

Ushahidi hamjakosa. Kampuni ya usafiri ya Trip.com ya China iliwagawa wafanyakazi 1,612 kwa bahati nasibu, wengine wakaja siku zote tano, wengine wakabaki nyumbani siku mbili kwa wiki. Nicholas Bloom na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2024: kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja katika kundi la pili, hasa kwa wanawake, kwa wasio mameneja na kwa wanaokaa mbali, na tathmini za utendaji na kupandishwa vyeo havikuonyesha tofauti. Kipande kinachonifurahisha ni cha mameneja wenyewe. Kabla ya jaribio walikadiria kwamba utaratibu huo utashusha tija kwa asilimia 2.6 kwa wastani. Baada ya kuuishi wakasema unaipandisha kwa asilimia 1. Hawakubadilishwa na semina. Walibadilishwa na kuona. Upande wa pili, Yuye Ding na Mark Ma wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichunguza kampuni kubwa za Marekani zilizotoa amri za kurudi, na hawakupata dalili kwamba faida au thamani ya kampuni ilipanda. Kilichoshuka ni kuridhika kwa wafanyakazi.

Nisiwe mchoyo wa haki. Ofisi ina kazi yake. Uchambuzi wa mawasiliano ya wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kila mtu alipohamia nyumbani, timu zilijifungia zaidi ndani yake na mazungumzo kati ya idara yakapungua. Mgeni kazini hujifunza mengi kwa kusikiliza tu jirani yake anavyomtuliza mteja mkali. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na sijui ningefundishwaje kwa mkutano wa video. Mkisema tunataka watu waje ili wageni wajifunze, mtapata wengi wa kuwaunga mkono, nikiwemo.

Lakini tazameni mnachowafanyisha wakishafika. Ni saa nne asubuhi siku ya Jumanne, siku ya lazima. Ukumbi umejaa, hakuna kelele. Kila mtu kavaa spika za masikioni. Kwenye skrini yangu kuna visanduku tisa vya sura, na vitano kati yake ni vya watu ninaowaona visogo nikiinua kichwa. Tuko kwenye mkutano wa mtandaoni kwa sababu mwenzetu mmoja yuko tawi jingine na chumba cha mikutano kimeshikwa na kikao cha kujadili mahudhurio. Anapoongea aliye nyuma yangu, sauti yake inanifikia mara mbili, moja kwa hewa na nyingine kwa waya, ya pili ikichelewa kidogo. Jeremy Bailenson wa Stanford aliandika mwaka 2021 kwa nini mikutano hii inachosha: macho ya watu yanakukodolea kwa karibu mno, unajitazama mwenyewe muda wote, mwili hausogei, na akili inafanya kazi ya ziada kutuma na kusoma ishara ambazo ana kwa ana huja zenyewe. Tumesafiri kuja kuchoka kwa namna hiyohiyo, tukiongeza uchovu wa safari. Na kama mnadhani ukumbi wazi utawafanya watu wazungumze, watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban waliwafunga watu vifaa vya kupima kabla na baada ya kuta za ofisi kuondolewa. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70. Watu wakikosa ukuta hujijengea wa kwao.

Nije kwenye jambo linaloniudhi zaidi kuliko yote, nalo ni upelelezi. Mwaka 2022 Microsoft iliwauliza wafanyakazi na viongozi katika nchi mbalimbali. Asilimia 87 ya wafanyakazi walisema wanazalisha vizuri. Viongozi waliosema wana imani kamili kwamba watu wao wanazalisha walikuwa asilimia 12. Pengo hilo mmelijaza kwa programu za kuhesabu mibonyezo ya kibodi, kupiga picha skrini na kuwasha taa ya kijani au ya njano kando ya jina la mtu. Matokeo yake ni nini? Kuna mbinu inayojulikana mno sasa: kipanya kinawekwa juu ya saa ya mkononi yenye mishale, mshale wa sekunde ukipita chini yake kinasogea kidogo, taa inabaki kijani. Mwenye kipanya anakunywa maji, au ameinuka kumfikiria mteja mgumu, jambo ambalo ni kazi halisi lakini halina mbonyezo. Mwaka 2024 benki moja kubwa ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi kwa kuigiza shughuli za kibodi. Naweza kukubali walidanganya. Ila wamefaulu mtihani mliowatungia. Mlipima kusogea, mkapewa kusogea.

Na hizi zote bado ni habari za watu wenye meza. Wengi hawakuwa na nyumba ya kufanyia kazi. Muuguzi, dereva, mfungasha mizigo ghalani, msafishaji, mtunza fedha dukani: hawa mliwaita muhimu, mwaka 2020 wakapigiwa makofi madirishani, na makofi yalipokwisha wakabaki na zamu zilezile. Mjadala wa siku mbili au tatu ofisini unawapita kama gari la watu wengine. Wao walichojifunza katika janga ni kwamba mtu anaweza kuitwa wa lazima na asiulizwe chochote. Kwao uhuru hauwezi kuwa wa mahali. Unaweza kuwa wa muda. Ratiba ya zamu itolewe mapema na isivurugwe usiku wa kuamkia. Ruhusuni watu wabadilishane zamu bila kuandika barua tatu. Siku ya ugonjwa isikatwe mshahara. Mwaka 2020 mlibandika mabango kwamba mwenye kikohozi abaki nyumbani. Sasa mna posho ya mahudhurio kamili, na mwenye kikohozi anakuja nacho.

Badala ya hayo mmetuletea programu ya kupumua. Kila asubuhi inanikumbusha nivute pumzi kwa sekunde nne. Siichukii, lakini WHO ilipoueleza uchovu wa kazi katika orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, toleo la 11, iliuita jambo la kikazi, linalotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Mtu anachoka kabisa, moyo unajitenga na kazi, kisha anaona hafanyi la maana. Christina Maslach, aliyelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, anataja vyanzo kama mzigo wa kazi, kukosa usemi, malipo na shukrani visivyolingana, mahusiano, haki na maadili. Pumzi haimo. Mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 ya Uingereza, akawalinganisha walioshiriki mafunzo ya ustahimilivu, programu za utulivu na mengineyo ya aina hiyo na wasioshiriki. Hakuona walioshiriki wakiwa na hali bora, isipokuwa dalili ndogo kwa waliopewa nafasi ya kujitolea kusaidia wengine.

Turudi kwenye simu yangu, maana mteja naye ana hasira na mnadhani ni hulka. Kabla hajanifikia amesikiliza sauti iliyorekodiwa ikimwambia kwamba kutokana na janga, simu zinaweza kuchelewa kujibiwa. Dharura ilifutwa mwaka 2023. Kilichobaki ni upungufu wa watu mlioupenda, mkaupa janga libebe lawama. Amebonyeza moja, kisha nne, kisha nyota. Hajui yuko wa ngapi. David Maister aliandika mwaka 1985 kwamba kusubiri bila kujua utasubiri hadi lini huonekana kurefu, kusubiri bila kuelezwa sababu huonekana kurefu, na kusubiri unapoona hukutendewa haki huonekana kurefu zaidi. Mmempa vyote vitatu. Akinipata mimi, ananipa mimi. Nami mwongozo wangu unaniagiza nitabasamu, kwani eti tabasamu husikika. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza mwaka 1983 kazi hii ya kuuza hisia usizonazo, akianzia na wahudumu wa ndege, na gharama yake kwa anayeifanya. Mkipima muda wangu kwa simu, nami nikaharakisha, mteja anapiga tena. Kwenye taarifa yenu hiyo inahesabiwa kuwa simu mbili zilizohudumiwa.

Maister angeweza kuwa anaandika kuhusu wafanyakazi. Maamuzi yenu ya baada ya janga yana sifa zilezile: hayana mwisho unaojulikana, hayana sababu iliyoelezwa, na hayafanani kwa wakubwa na wadogo. Mnisamehe nikitaja jaribio moja la zamani ambalo naona kila mkurugenzi alipaswa kulisoma kabla ya kusaini waraka wowote. Jerald Greenberg, mwaka 1990, aliandika juu ya viwanda vya kampuni moja ambako mishahara ilikatwa kwa asilimia 15 kwa wiki kumi. Kiwanda kimoja kilielezwa kwa kirefu, kwa takwimu na kwa majuto ya kweli. Kingine kilipewa tangazo la haraka. Fedha iliyopotea kwa mfanyakazi ni ileile. Katika kiwanda kilichopewa tangazo la haraka wizi ulipanda sana. Katika kile kilichoelezwa ulipanda kidogo. Maelezo hayakuongeza hata senti kwenye mfuko wa mtu. Yalimwonyesha tu kwamba ameonekana.

Kwa hiyo tunaomba, na haya ni ya kutekelezeka. Kila amri ya mahudhurio itoke na sababu yake kwa maandishi: ni kazi gani haifanyiki vizuri bila watu kuwa pamoja, mmeipimaje, na lini mtaipitia upya mkiwa na matokeo mkononi. Isainiwe na mtu, na mtu huyo aje ofisini siku hizohizo. Siku ya kuja pamoja iwe ya mambo yanayohitaji pamoja; mikutano ya visanduku iachwe siku nyingine. Programu za upelelezi ziondolewe, au kama kuna sababu ya usalama, tuonyeshwe zinarekodi nini na nani anasoma. Ile sauti ya janga ifutwe kwenye simu wiki hii, na mteja aambiwe yuko wa ngapi na njia ya kumfikia binadamu iko wapi. Watu wa masoko na wa rasilimali watu wakae chumba kimoja mara moja kwa robo mwaka, wakiwa na karani mmoja wa simu na mtu mmoja wa zamu ya usiku, na taarifa zao ziwe moja.

Kwenu watunga sera: msisubiri kampuni ziwe na utu kwa hiari. Ufaransa ina sheria ya haki ya kutoshikwa na kazi baada ya saa za kazi tangu Januari 2017. Ureno ilipitisha mwaka 2021 sheria inayomkataza mwajiri kumsumbua mfanyakazi wakati wa mapumziko yake, isipokuwa kwa dharura. Australia ilifuata Agosti 2024. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba abadilishiwe saa au mahali pa kazi kuanzia siku yake ya kwanza, na mwajiri akikataa lazima atoe sababu. Hiyo ya mwisho ni ndogo, wengine wanaidharau kwa kuwa kuomba si kupewa. Mimi ningeanza nayo, kwa sababu inamlazimisha mwajiri aeleze.

Majibu tunaomba yawe kwa maandishi, yapite njia ileile mliyotumia kutuma waraka wa kurudi, yaani barua pepe ya wafanyakazi wote, ili na wa zamu ya usiku ayasome. Mkikataa ombi lolote hapo juu, andikeni mmekataa na kwa nini.

Wenu katika kazi,
Karani wa huduma kwa wateja